Mchora Ramani wa Majengo

Simeon Opiyo alipokuja kutafuta chumba kwetu Majengo, Thika, alikuwa amevaa tai. Mwaka ule wa 1957, mtu wa kwetu aliyevaa tai siku ya kazi alikuwa ama mwalimu ama mtu aliyeitwa kortini, na walimu wote tuliwajua. Kwa hiyo mama mkwe wangu, Bi Khamisa, alimpa pole kwanza, ndipo akamuuliza anatafuta nani.

Hakuwa na kesi. Alitaka kile chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambacho baba mkwe wangu, Mzee Rama, alikuwa akiwekea magunia ya mkaa wa hoteli yake ya chai. Opiyo alikikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Aligonga kuta, akachungulia dari, akatoa tepu ya kupimia mfukoni na kupima dirisha, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akasema anakichukua.

Mzee Rama akanivuta pembeni. "Waridi, huyu mtu ataniletea taabu," akasema. "Amepima nyumba yangu na sasa anaionea huruma."

Opiyo alikuwa mtu wa Alego, huko Nyanza. Alikuwa amefanya kazi Nairobi kwa miaka mingi katika idara ya serikali ya ujenzi, akichora ramani za vituo vya polisi, magereji na nyumba za wakubwa. Alichora yeye, na chini ya kila karatasi likaandikwa jina la Mzungu aliyekuwa akinywa chai chumba cha pili. Siku moja aliamua imetosha. Aliacha kazi ile kwa hiari yake, hakufukuzwa, na hilo ni jambo ambalo hakuna mtu hata mmoja Majengo aliyeliamini. Wengi walisema ni pombe, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na kitu mkononi isipokuwa kikombe cha chai. Wengine walisema pombe ya namna hiyo, isiyoonekana, ndiyo mbaya zaidi.

Alihamia na mke wake, Aketch, mwanamke mrefu mwenye kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Binti yao, Achieng, walikuwa wamemwacha kwa bibi yake Alego mpaka mambo yatengemae. Opiyo alikigawa chumba kwa pazia la maua. Nyuma ya pazia kulikuwa kitanda, jiko na sufuria. Mbele kulikuwa ofisi: meza ndefu ya kuchorea, rula yenye umbo la msalaba uliokatwa kichwa, chupa za wino, viti viwili vya wateja. Nje akatundika ubao alioupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe: S. OPIYO, MCHORA RAMANI ZA NYUMBA.

Ubao ule ulileta watu wengi, ila walikuja kuuliza tu. Omar muuza nyama alitaka kujua ramani ya nyumba ni ya nini, kwani nyumba inaweza kupotea? Opiyo alimweleza kwa upole, na alipomaliza Omar akasema ameelewa, basi amchoree ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Opiyo akasema yeye anachora nyumba. Mzee mwingine alitaka ramani ya kwenda Kampala. Kijana mmoja wa kiwanda cha ngozi alitaka achorewe picha ya nyumba ya ghorofa, ampelekee baba wa mchumba wake kule Butere, asimwambie ni yake wala si yake. Opiyo alikataa wote, kwa maneno yale yale na kwa adabu ile ile, kisha akawasindikiza hadi mlangoni.

Ila jambo lililotuchekesha zaidi lilikuwa safari yake ya kwenda kazini. Kila asubuhi alikunywa chai nyuma ya pazia, akafunga tai, akamuaga mke wake, akachukua mkoba. Halafu, badala ya kufunua pazia na kuketi, alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba nzima kupitia choo na kamba za nguo, akatusalimu sisi wanawake tuliokuwa tukifua kana kwamba hatukulala ua mmoja, akafika mbele, akafungua kufuli na kuingia. Jioni alirudi kwa njia ile ile, na Aketch alimpokea mkoba na kumuuliza kama njiani kulikuwa salama.

Nilipomuuliza Opiyo kwa nini anajitaabisha hivyo, alinijibu bila kutabasamu. "Shemeji, nikipita kwenye pazia, nitakuwa mtu asiye na kazi aliyeketi chumbani kwake. Nikizunguka, nimekwenda kazini."

Na kweli alikaa kazini. Wateja hawakuja, lakini penseli zilichongwa, meza ikapanguswa, na yeye akachora. Jioni alipokuja hotelini kwa Mzee Rama na kuulizwa kazi ilikwendaje, alijibu kwamba ilikwenda vizuri, leo amemaliza benki. Hakuna aliyekuwa amemwomba benki. Alichora pia shule, soko lenye paa, zahanati yenye baraza pande zote ili wagonjwa wasipigwe na jua. Muda si mrefu droo ya meza ilikuwa na mji mzima, msafi na wenye barabara pana. Mzee Rama aliomba kuuona. Aliupitia karatasi baada ya karatasi, akausifu sana, halafu akauliza katika mji huu mtu kama yeye analala wapi. Kesho yake Opiyo alishinda akichora nyumba ndogo za watu wa mshahara mdogo, na jioni akamletea Mzee Rama achague yake.

Mimi pia nilikuwa na shida yangu. Wanawake wa Majengo siku zile tulikuwa na wazimu wa kudarizi vitambaa vya meza, na tulichoka kudarizi waridi lile lile na njiwa yule yule. Nilimwomba Opiyo anichoree maua mapya. Akaniambia kwa heshima kwamba yeye anachora nyumba. Nilikuwa nimeshafika mlangoni niliposikia sauti nyuma ya pazia. "Waridi, pita huku."

Kumbe Aketch naye alikuwa na mkono. Alichukua kitambaa changu, akakinyoosha juu ya sinia, na kwa penseli fupi aliyoiokota chini ya meza ya mumewe akanichorea tawi la kahawa lenye maua yake meupe. Sikuwahi kuona mtu akidarizi maua ya kahawa, na sisi tulizungukwa na mashamba ya kahawa pande zote. Baada ya wiki chache wanawake walikuja kutoka Makongeni na hata kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Kwa kuwa uani kulikuwa na matope, walipitia mlango wa mbele. Kila mara Opiyo aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akavuta kiti cha mgeni. Na kila mara mgeni aliuliza, "Mama yuko?"

"Yuko. Piteni," Opiyo alisema, akafungua kifungo cha koti, akaketi tena.

Aketch hakumwambia neno la kumkera kuhusu jambo hilo. Alimtania tu, na kumtania kwenyewe kulikuwa kwa kupimapima. Alikuwa akiita kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya karani, kwamba Bwana Opiyo akiwa na nafasi kati ya wateja, chakula kiko tayari.

Mteja wa kwanza alikuja kwa mzaha wa Mzee Rama. Hoteli yetu ilinunua mayai kwa mama mmoja wa Ruiru aitwaye Waithira, mjane mfupi, mkakamavu, aliyekuja Thika kwa gari moshi na vikapu viwili. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa haijaondolewa, na Mkikuyu hakusafiri bila kipande na kibali, lakini Waithira alikuwa amepewa kibali cha biashara ya mayai. Siku moja alileta kikapu kimoja tu. Akasema kicheche amekula kuku wake, na wale waliobaki wanaugua kwa unyevu. Mzee Rama akamwambia mbona hapa kuna bwana wa tai, mtaalamu wa nyumba, hana la kufanya, aende amwone. Watu hotelini wakacheka. Waithira hakujua wanacheka nini. Akabeba kikapu chake akaenda.

Nilikuwa nyuma ya pazia na Aketch, tukichagua nyuzi. Tulimsikia Opiyo akiinuka na kufunga kifungo. Tukasubiri aulizwe kama mama yuko. Badala yake tukasikia habari ya kuku, yote, tangu kicheche mpaka mafua. Aketch akauma kanga asicheke.

Opiyo hakucheka. Alitoa karatasi akaanza kuuliza. Kiwanja kinainama upande gani? Mvua inapiga kutoka wapi? Kuku wanalala wakitazama wapi?

"Mwanangu," Waithira akasema, "kuku halali akitazama mahali."

Hata hivyo alimjibu mengine yote, na kwa siku kadhaa Opiyo hakuchora benki wala zahanati. Alichora banda la kuku. Alilichora kutoka mbele, kutoka ubavuni, kutoka juu kama linavyoonekana na mwewe, na tena likiwa limepasuliwa katikati kama papai ili tuone ndani. Sakafu iliinuliwa juu ya nguzo, na kila nguzo ilivishwa kipande cha bati ambacho kicheche hawezi kukipanda. Mlango uliipa mvua kisogo. Pembeni alichora kuku mmoja, ili mtu ajue ukubwa. Aketch alipoona ramani ile alimsifia yule kuku sana, akasema anafanana kabisa na kuku wa mama yake, na Opiyo akaumia moyo, kwa sababu kuku alikuwa ni kipimo tu.

Fundi wa kulijenga alikuwa Macharia, mwashi na seremala wa Ruiru. Waithira alimpelekea karatasi. Opiyo mwenyewe hakwenda. Alisema kazi ya mchoraji huishia kwenye karatasi, na tena ofisi haiwezi kuachwa wazi, mteja akija je? Kwa hiyo alikaa akisubiri wateja ambao hawakuja. Kule Ruiru Macharia aliigeuza karatasi huku na huku. Alikuwa na maswali, lakini hakuwa na kibali cha kuja Thika kuyauliza.

Mvua za Novemba zikaja kwa nguvu. Waithira akafika hotelini bila kikapu, akaenda moja kwa moja ofisini, akaketi kabla ya kuvutiwa kiti. Hakupaza sauti. Alieleza tu kwamba banda ni zuri, limesimama imara, kicheche anazunguka chini yake usiku na kurudi na njaa. Lakini mlango unatazama mvua. Maji yanaingia kwa mlango, na kwa kuwa sakafu imeshikamana vizuri sana, hayatoki. Kuku wake sasa wanaishi ziwani.

Habari ile ilienea Majengo kabla Waithira hajapanda gari moshi. Omar alipita dirishani akauliza kama bwana mchoraji anaweza kumchorea bata.

Opiyo hakuja hotelini jioni ile. Na kama vile haikutosha, juma lile lile Dismas, aliyekuwa akifanya naye kazi Nairobi, alikuja kumtembelea akiwa na habari njema. Kiti chake cha zamani bado kilikuwa kitupu. Mkubwa alikuwa ameuliza habari zake, na alikuwa tayari kumpokea bila maneno mengi, mradi arudi kabla ya mwisho wa mwezi. Dismas aliyasema haya kwa nia safi, akanywa chai, akatazama pazia, akatazama viti vya wateja, na huruma iliyokuwa usoni mwake ilimuumiza Opiyo kuliko bata wa Omar.

Usiku ule hawakucheka nyuma ya pazia. Aketch alinihadithia baadaye. Mumewe alisema pengine amejidanganya. Alifikiri atajenga mji, na ameshindwa na kuku. Nairobi kuna mshahara, kuna nyumba ya idara, Achieng angeweza kuletwa asome.

Aketch alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Ukitaka kurudi, rudi," akamwambia. "Sikuolewa na ubao ule wa nje. Lakini usiende Nairobi na kuku wa yule mama wako majini. Gari moshi la Nairobi linapita Ruiru. Shuka Ruiru kwanza, umalize ulichoanza. Ukishamaliza, panda lingine uende popote."

"Na nikishindwa?"

"Basi utakuwa umeshindwa ukiwa hapo, watu wakikuona. Si kama sasa, umeshindwa ukiwa huku umeketi."

Asubuhi alifunga tai, akatia kwenye mkoba tepu ya kupimia, nyundo ya Mzee Rama, na barua zake zote za sifa kutoka idarani. Aketch aliuona mkoba ukiwa mzito, asiulize.

Jinsi alivyoshuka Ruiru ni jambo alilolisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, na kila mara alilisimulia akionekana kutolielewa bado. Gari moshi liliposimama, hakuinuka. Alikaa, mkoba magotini, akitazama stesheni, akijiambia kwamba Nairobi si mbali, angeweza kushuka Ruiru wakati wa kurudi. Karibu naye dirishani alikaa mama mnene mwenye fungu la miwa. Yule mama alitaka kushuka. Opiyo akainuka kumpisha, miwa ikamsukuma mbele, akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akajikuta amesimama chini kwenye jukwaa, na gari likaondoka. Alisema hakujua kama aliamua yeye au ni miwa.

Alimkuta Waithira akiwatoa kuku nje mmoja mmoja, na Macharia amesimama pembeni na karatasi mkononi, tayari kujitetea. Ulimi wa Macharia ulikuwa na desturi ya kubadilisha r na l bila kuomba ruhusa.

"Mimi nimefuata lamani," akasema. "Mlango niliuweka pale mshale ulipoonyesha."

Opiyo akaitazama karatasi. Pembeni kweli kulikuwa na mshale mzuri, mweusi, wenye manyoya. Ulikuwa mshale wa kuonyesha kaskazini. Alianza kueleza kwamba katika kila ramani duniani mshale ule huonyesha kaskazini, na kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza la uchoraji anajua hivyo. Halafu akasita. Mvua ilikuwa imeanza tena kudondoka, kuku walikuwa wamemzunguka miguuni, na Macharia alikuwa akimsikiliza kwa makini na kwa adabu.

"Sasa," Macharia akauliza, "kwa nini hukuandika tu 'mlango'?"

Opiyo alitaka kumpa sababu. Akaitafuta, asiione.

Akavua koti. Walishinda wawili wale wakiling'oa banda upande mmoja na kulifunga upande wa pili, mmoja akipima, mwingine akipiga misumari, na kila walipofika mahali pa kubishana, walibishana pale pale, badala ya kila mtu kubishana na karatasi peke yake. Waithira aliwaletea uji na mihogo ya kuchemsha. Alimpa Opiyo kuku wa kushika wakati wa kuwarudisha ndani, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mtaalamu wa mabanda aliogopa kuku. Aliwabeba akiwa amenyoosha mikono mbele kabisa na amegeuza uso, kama mtu anayebeba sufuria inayochuruzika. Waithira alicheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi.

Mvua kubwa ilinyesha kabla hajaondoka. Wakakaa chini ya paa la jikoni, wote watatu, wakitazama mlango wa banda. Maji hayakuingia.

Gari moshi la Nairobi lilipita wakati huo. Walilisikia likipiga honi. Opiyo aliuliza kama kuna la kwenda Thika jioni.

Hakumwambia Aketch kwamba ameamua. Alirudi akiwa na matope hadi kiunoni, na harufu ya banda iliyotufikia sote uani, na kesho yake akazunguka nyumba kama kawaida, akatusalimu, akafungua ofisi. Ila sasa kulikuwa na tofauti. Siku za Jumatano alifunga ofisi mchana akaenda Ruiru kumwonyesha Macharia kusoma ramani, na Macharia naye akamwonyesha jinsi ukuta unavyosimamishwa mahali penye udongo mweusi unaopasuka. Na ramani zake zilianza kuwa na maandishi makubwa ya Kiswahili: MLANGO. MVUA INATOKA HUKU. HAPA NI JUU.

Waithira alirudi kabla ya Pasaka. Alikuwa na kiwanja karibu na stesheni ambacho marehemu mumewe alikuwa amekipata, na kwa miaka yote alikuwa akiogopa kukigusa. Alitaka duka la mawe, mbele duka, nyuma stoo ya mayai na chumba cha kulala. Opiyo alifunga kifungo cha koti, kwa mazoea tu, kisha akamuuliza kwa nini amemchagua yeye, baada ya yale yaliyotokea.

"Nyumba yangu ya kwanza ilijengwa na mtu mwingine," Waithira akasema. "Ilivuja. Nilimwita, hakuja. Nikakutana naye sokoni, akajificha nyuma ya punda. Wewe ulikuja na nyundo."

Nyuma ya pazia Aketch aliacha kuchora. Tulinyamaza sote wawili kama tuko kanisani, ingawa mimi ni Mwislamu.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka kuanzia hapo. Ofisi iliyokuwa ikipitisha ramani za majengo iliirudisha ile ya duka, ikisema stoo haina hewa. Opiyo aliichora upya. Ikarudishwa tena, safari hii bwana mkubwa alitaka kujua maana ya maneno yaliyojaa kila pembe, na kwa nini ramani rasmi inamwambia huku ni juu. Karani alimtafsiria. Inasemekana yule bwana alicheka sana, akaweka sahihi, akaagiza tu kwamba mara nyingine maandishi yawe madogo. Opiyo aliyapunguza kidogo. Macharia akalalamika kwamba hayaoni, Opiyo akayakuza tena.

Kila karatasi iliporudi, Mzee Rama alimuuliza kazi inakwendaje, na Opiyo alisema inakwenda vizuri. Tulizoea kulicheka jibu lile. Ila nadhani wakati ule ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hakuwa akitudanganya sisi, wala hakuwa akijidanganya. Alikuwa akisema kazi inakwenda, na kweli ilikuwa inakwenda. Pesa ndizo zilizochelewa, na watu wengi hudhani mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Katika miezi ile ya kusubiri, ni vitambaa vya Aketch vilivyowalisha. Opiyo alilijua hilo, na alilisema mbele za watu. Alimtengenezea meza ndogo ya kuchorea yenye kuinama, akaiweka upande wa mbele wa pazia, na tangu siku hiyo mgeni aliyeingia alikuta watu wawili wakiinuka.

Duka lilifunguliwa mwaka wa 1959. Tulikwenda Ruiru wote, Mzee Rama amevaa kanzu mpya, Bi Khamisa akilalamikia vumbi la gari moshi. Mchungaji alimshukuru Mungu, akamshukuru Waithira, akawashukuru waliochonga mawe na waliochota maji, na akamshukuru Macharia mara mbili. Mchoraji hakutajwa. Aketch akamtazama mumewe kwa wasiwasi. Opiyo hakuwa akisikiliza. Alikuwa amesimama stoo, amenyoosha kiganja karibu na tundu la juu ukutani, akiangalia kama hewa inapita. Mtu mmoja akauliza yule bwana wa tai ni nani. Waithira akamjibu, kwa fahari kubwa, kwamba ndiye aliyechora banda lake la kuku.

Jina lile lilimganda. Hata alipokuja kuchora shule mbili na nyumba ya mwalimu mkuu, na maduka marefu ya mawe barabara ya kwenda stesheni, Ruiru walimwita Opiyo wa Kuku. Mwanzoni alilichukia. Baadaye aliona kwamba watu waliomtafuta kwa jina hilo hawakupotea njia, akaliacha. Macharia akawa fundi wake mkuu, na walibishana kila wiki kwa miaka. Achieng aliletwa Thika, akasoma. Utajiri haukuja, lakini mwenye nyumba hakuwahi kugonga mlango wao kwa hasira, na mimi najua, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa baba mkwe wangu.

Siku moja nilikuwa ofisini nikisubiri kitambaa alipoingia mzee mmoja mfanyabiashara, kutoka upande wa Gatundu, mwenye kofia nzuri na sura ya mtu aliyechoka. Alitaka nyumba ya mawe, kubwa, yenye milango miwili ya mbele. Opiyo aliuliza kwa nini miwili. Mzee akaeleza kwamba ana wake wawili, na hakuna hata mmoja atakayekubali kuingilia nyuma. Milango iwe sawasawa, upana mmoja, rangi moja, ngazi sawa, na hakuna mmoja utakaokuwa karibu na lango kuliko mwingine.

Opiyo alichora mstari, akafikiri, akachora mwingine. Aketch alikuwa ameinamia meza yake, mabega yameanza kutikisika.

"Inawezekana," Opiyo akasema. "Lakini wewe mwenyewe, mzee, utaingilia wapi?"

Yule mzee alivua kofia akaiweka magotini. Ilionekana wazi kwamba hakuwa amelifikiria. Opiyo akamvutia karatasi karibu, akachukua penseli nyingine, na Aketch akaenda nyuma kuweka maji ya chai.